Mtu Aliyejua Majina ya Vipuri

Niliajiriwa kwa sababu moja tu: nilijua kupiga taipu bila kutazama vidole. Masista ndio walionifundisha. Baba yangu, aliyetoka Musumba, ndani ya mkoa wetu huu huu, akaja Kolwezi kutafuta kazi kabla sijazaliwa, alijivuna mbele ya majirani kwamba binti yake atafanya kazi akiwa amekaa kivulini. Kampuni yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa gereji pana kando ya barabara ya kwenda machimbo ya Mashamba, na nyuma yake ghala refu la mabati lililojaa vipuri vya malori na mitambo ya machimboni. Ghala hilo tuliliita magazini. Wenye machimbo walituletea malori yaliyovunjika, mafundi wetu wakayatengeneza, na kila kipuri walichokihitaji kilitoka magazini.

Magazini ilikuwa na mtu wake. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa watoto wake wako hai na sikuwaomba ruhusa. Tulimwita tata, yaani baba, kama tunavyowaita wanaume wote wa umri ule. Baba yake aliletwa zamani kutoka Kasai, mkoa wa jirani, kuja kujenga reli. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akakulia kwenye zile safu za nyumba za wafanyakazi, mtaa wa Kapata, akaoa hapa, akazaa hapa. Alikuwa mfupi, akikohoa kila baada ya maneno machache, na alikuwa na tabia ya kukishika kipuri na kukipima uzito mkononi kabla ya kukutolea, kama mwanamke sokoni anayechagua viazi. Vipuri vyote alikuwa ameviandika kwenye kadi za karatasi ngumu tulizoziita fishi. Masanduku kumi na mawili ya fishi. Lakini ukweli ni kwamba hakuzifungua mara nyingi. Ulimwambia unachotaka, akaingia gizani kati ya rafu, akatoka nacho.

Siku moja direkta wetu alirudi kutoka safari ya ng'ambo na wazo. Alikuwa mtu wa mkoa wetu, mtaratibu, mwenye hofu ya kubaki nyuma. Alitukusanya uani akatuambia kwamba magazini itaingia kwenye kompyuta. Hakuna tena fishi. Mtu atabonyeza, mashine itasema kipuri kiko wapi na vimebaki vingapi. Tulipiga makofi. Hata tata alipiga makofi, nakumbuka vizuri, kwa sababu baadaye walipomwandika kuwa adui wa mashine nilitaka kupiga kelele mpaka mji wa Likasi wanisikie.

Mtaalamu alikuja baada ya miezi miwili, pamoja na masanduku ya kompyuta tatu na printa moja. Alikuwa kijana nadhifu, hana ubaya wa moyo, nasema hivyo ili nimtendee haki. Chumba kimoja cha ofisi kilipakwa rangi mpya, kikawekewa kiyoyozi, na mlango wake ukawa na ufunguo. Kwa wiki tatu mtaalamu alikaa humo na direkta na wakubwa wengine wawili, wakichora mishale kwenye ubao. Mimi nilikuwa kwenye kona, nikiingiza orodha ya vipuri aliyonipa. Orodha hiyo aliitoa kwenye vitabu vya watengenezaji wa malori. Nakumbuka siku ya nne nilimwuliza kama ameshaingia magazini.

“Sina haja,” aliniambia. “Magazini yote ni sawa, dunia nzima.”

Hakuingia hata mara moja. Ilikuwa hatua kama arobaini kutoka kwenye kiti chake.

Yakaja mafunzo. Siku mbili, kwa Kifaransa cha vitabuni, kwa wakubwa. Tata alifika asubuhi ya kwanza amevaa shati la kanisani. Alisimama mlangoni. Direkta alimwambia kwa upole kwamba viti havitoshi, yeye ataelezwa baadaye. Akarudi magazini na shati lake. Wale waliofundishwa walikuwa watu ambao hawajawahi kutoa hata skrubu moja kwa mkono wao, na yule aliyetoa vipuri kutoka asubuhi hadi jioni aliambiwa viti havitoshi. Nimefanya kazi na kompyuta maisha yangu yote, nimeona miradi mingi ya namna hii ikizaliwa na kufa, na bado naikumbuka asubuhi ile na shati lile la kanisani.

Jumatatu iliyofuata mtaalamu aliagiza masanduku ya fishi yafungwe kwa kufuli. Kuanzia saa mbili asubuhi kila ombi lilitakiwa kupitia kwangu, kwenye mashine. Fundi wa kwanza alikuja mikono imejaa grisi.

“Mama, unipe sikio ya mbuzi mbili.”

Nikaandika. Mashine haikuijua. Nikajaribu neno la Kifaransa nililodhani ndilo. Mashine ikanitolea vipuri kumi na saba vyenye jina moja, kila kimoja na namba ndefu ya mtengenezaji. Fundi hakujua namba. Angeijuaje? Namba ilishafutika kwenye chuma chenyewe miaka mingi iliyopita. Nyuma yake alikuja mwingine akitaka “kitovu”, wa tatu akitaka “ile ya kulia inayolia”. Mpaka saa sita foleni ilifika getini, na malori mawili ya machimbo yalikuwa yamesimama uani, madereva wakitutukana kwa lugha nne.

Jumatano tata alivunja kufuli. Hakujificha. Alilivunja kwa nyundo mchana kweupe, akafungua masanduku yake, na kabla ya saa tisa malori yalikuwa yameondoka.

Mtaalamu alikaa wiki nyingine moja, akaondoka. Maneno yake ya mwisho kwa direkta niliyasikia, kwa kuwa mtu anayepiga taipu kwenye kona huwa hahesabiwi kuwa mtu. Alisema, “Watu wa hapa wanaiogopa mashine.” Direkta akaitikia kwa kichwa. Kompyuta zikafunikwa kitambaa.

Sikuweza kuvumilia. Nilikuwa nimeingiza maelfu ya majina yasiyo na maana, vidole vimeniuma, na sasa nikaambiwa ninaogopa. Asubuhi moja nilibeba daftari nikaenda magazini, nikamkuta tata anakunywa chai ya rangi kwenye kikombe cha bati.

“Tata,” nikamwambia, nikionyesha vipuri kwenye rafu, “unifundishe bile bintu.”

Alilitazama daftari langu, akakohoa.

“Unataka kujua nini?”

“Yote.”

Alicheka mpaka chai ikamwagika. “Yote! Mwana yangu, miye niko hapa tangu ndevu haiyaota. Tuanze na filta. Ni kidogo, na kila mutu anabihitaji.”

Ndivyo tulivyoanza. Hakuna aliyetuagiza. Kila siku baada ya kazi zangu za barua niliingia magazini, tukasimama mbele ya rafu moja, si zaidi. Tata alichukua kipuri, akanitajia jina analolitumia fundi, halafu jina la Kifaransa, halafu lori linalokitumia, halafu kile kinachofanana nacho na kosa linaloweza kutokea ukivichanganya. Niliandika yote. Sikio la mbuzi lilikuwa kishikizo cha chuma kinachobana kopo la filta. Kitovu kilikuwa kifuniko kidogo cha katikati ya gurudumu. “Ile ya kulia inayolia” ilikuwa rulema, ile bearing ya tela za zamani, inayopiga kelele ikikaribia kufa, na tata alijua mafundi wote watatu wanaoiita hivyo.

Kwenye programu palikuwa na nafasi tupu ambayo mtaalamu aliiacha, nafasi ya maelezo. Humo niliingiza majina yetu. Fundi akisema sikio ya mbuzi, mashine sasa ilijibu: rafu ya tatu, ngazi ya chini, vimebaki sita. Tulianza na filta peke yake. Kwa mwezi mzima filta zilitoka kwa mashine na vingine vyote kwa fishi. Mafundi walipolalamika, sikuwaambia wanaogopa. Niliandika malalamiko yao, na jioni nikayarekebisha pamoja na tata. Fundi mmoja mkali, aliyekuwa akiiita mashine “ile televisheni ya bure”, alikuja siku moja akataka filta akaipata kabla hajamaliza kujifuta jasho. Hakusema asante. Lakini kesho yake alileta orodha ya majina tuliyoyasahau, ameiandika mwenyewe kwenye kipande cha boksi.

Tulipomaliza filta tukaingia kwenye mikanda, kisha taa, kisha mambo ya injini. Tata mwenyewe alianza kubonyeza. Alitumia kidole kimoja, cha kati, na kila herufi aliitafuta kama anatafuta sindano mchangani. Alipoipata alisema, “Njo hii!”, yaani ndiyo hii. Ikawa ndiyo sauti ya chumba kile. Direkta alipita siku moja akaona jinsi mambo yanavyokwenda. Wiki iliyofuata akaleta wageni wa machimboni kuangalia. Aliwaambia, “Huu ni mradi wetu.” Tata alikuwa amesimama nyuma ya wageni, kidole kimeinuka, tayari kuonyesha. Hawakumwuliza kitu.

Tulikuwa tumefika nusu ya rafu wakati nchi ilipoanza kuharibika mikononi mwetu.

Machimbo yalikuwa yanakufa. Mgodi wa chini ya ardhi ulikuwa umeporomoka, treni zilipungua, malori ya kutengeneza yakawa machache. Na watu wenye njaa wakapewa mtu wa kumlaumu. Redioni na mikutanoni wakubwa walisema shida zote zimeletwa na watu wa Kasai, kwamba wamechukua kazi na nyumba za wenye mkoa, warudi kwao. Vijana waliofunga vitambaa kichwani wakaanza kupita mitaani wakiwaita bilulu, wadudu. Nilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwanamke niliyeimba naye kanisani, akilisema huku anachambua sombe, majani ya muhogo, kwa sauti ile ile ya kuniuliza kama nina chumvi.

Mimi nilikuwa na asili inayotakiwa. Baba ametoka Musumba, basi mimi ni mwenyeji. Tata aliyezaliwa Kapata miaka ishirini kabla yangu akawa mgeni. Mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza hesabu hiyo.

Asubuhi moja direkta aliniita. Alifunga mlango mwenyewe.

“Mama, ile masini sasa inajua yote?”

“Nusu, direkta.”

“Nusu gani?”

“Filta, mikanda, taa, injini. Breki bado. Springi bado. Mambo ya majimaji bado.”

Akafikiri, akigonga meza kwa kalamu. “Nusu inatosha,” akasema.

Sikuelewa. Naapa sikuelewa, ingawa nimejiuliza mara nyingi kama nilikataa tu kuelewa. Ningemwambia mashine haijui kitu bila yule mzee. Ningesema uongo, ningesema ukweli, ningesema lolote. Nilitoka ofisini nikaenda kuandika barua. Siku mbili baadaye tata hakuja kazini, na kwenye kiti chake alikaa kijana mwenye kitambaa shingoni, mpwa wa mmoja wa wale waliokuwa wakihutubia mikutanoni. Direkta alisema, “Vijana walinikujia. Walisema kama huyo muzee anabaki, batachoma gereji. Ningefanya nini?” Huenda ni kweli walimtisha. Lakini aliniita akaniuliza mimi kwanza. Alitaka kujua kama anaweza kumpoteza bila hasara. Sisi wawili, mimi na tata, tulikuwa tumeijenga kwa mikono yetu hoja ya kumfukuza.

Nilikwenda Kapata mchana ule ule. Nyumba yake ilikuwa tayari ina watu wengine. Mwanamke nisiyemjua alikuwa anafua kwenye beseni la mke wa tata. Jirani akaninong'oneza kwamba wote wamefukuzwa, wako stesheni.

Nilipaswa kwenda stesheni siku ile. Sikwenda. Niliona aibu, nikajiambia nitakwenda Jumapili, na Jumapili nikajiambia kuna hatari.

Kilichonipeleka ni breki. Wiki ya pili baada ya tata kuondoka, lori kubwa la machimbo lililetwa na breki zilizokufa. Fundi alitaka mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta. Kwenye rafu palikuwa na aina nne zinazofanana kama mapacha: mbili za breki, moja ya maji, moja ya hewa. Rafu ile hatukuwa tumeifikia. Fishi zake zilikuwepo, lakini tata aliziandika kwa vifupisho vyake mwenyewe, herufi na vidoti. Kijana mpya alishika mpira mmoja, akauvuta, akasema, “Huu unafaa.” Fundi, yule yule mkali wa boksi, akaurusha chini.

“Lori hii inashuka kwenye shimo na tani za mawe! Weye utakaa ndani?”

Direkta akatoka ofisini. Alisikiliza, akaangalia rafu, halafu akaniangalia mimi.

“Mama, wewe unamujua yule muzee. Wende kule stesheni umuulize. Andika yote yenye iko inabaki, umuulize yote.”

Alinipa dereva na gari. Alinipa na soda mbili nimpelekee. Soda mbili, kwa mtu aliyenyang'anywa nyumba.

Nilichapisha orodha ya vyote tulivyokuwa hatujavimaliza. Karatasi za printa zile zilikuwa zimeungana, ndefu, zenye matundu pembeni. Nilizikunja nikaziweka kifuani kama mtoto.

Sijui nielezeje stesheni. Nilizoea kuiona na wauza karanga na watu wenye mabegi. Sasa ilikuwa mji. Familia zilikaa kwenye sakafu, kwenye mawe ya reli, chini ya mabehewa mabovu, zimejizungushia mashuka na mabati. Makabati, cherehani, vitanda vya chuma, milango iliyong'olewa kwenye fremu. Watu walisubiri treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Palinuka choo na moshi wa mkaa. Mtoto alikuwa anaharisha mbele za watu wote, na mama yake, mwalimu niliyemjua kwa sura, alikuwa anamkinga kwa kanga asionekane.

Nilimkuta tata amekaa juu ya godoro lililokunjwa. Alikuwa amekonda. Mkewe alikuwa anapepea moto. Nilipiga magoti kuwasalimu, na tata akafurahi, kweli akafurahi, akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza kama mashine inatembea.

“Inatembea kidogo, tata.”

Mkewe alikuwa anaangalia zile karatasi.

“Ile nini?” akaniuliza.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, haraka haraka, nikitaja lori na mipira ya breki na orodha. Mwanamke yule alisikiliza mpaka mwisho, pepeo mkononi. Kisha akasimama.

“Banatwaa nyumba. Banatwaa kazi. Batoto yangu banafukuzwa ku masomo. Sasa banakutuma weye ukuye kutwaa na ile yenye iko mu kichwa yake?” Hakupaza sauti. “Mama, ile tu njo ilibakia. Unataka tupande treni na kichwa ya mutupu?”

Niliweka karatasi chini, kwenye vumbi, nikalia, na hilo nalo lilinitia hasira, maana mwenye haki ya kulia pale sikuwa mimi.

Tata alikohoa kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono.

“Leta karatasi.”

“Usibaambie kitu!” mkewe akasema.

“Mama, ngoja.” Akazifunua karatasi kwenye magoti yake, akapita kwa kidole kile kile cha kati, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akafika anapotaka. “Breki, nitakuambia. Ile lori inaendeshwa na mutoto ya mutu, si direkta. Andika.”

Akanitajia. Mpira wa breki una mstari mwembamba uliopinda karibu na mdomo. Ule wa maji mstari wake umenyooka. Wa hewa ni mwepesi, ukiupima mkononi utaujua. Akanifafanulia vidoti vyake kwenye fishi: kidoti kimoja ni gurudumu la mbele, viwili ni la nyuma. Akanitajia pedi za breki, silinda zake, na zile kamba za chuma za kunyanyulia injini, kwa kuwa nazo zikikatika zinaua. Niliandika mpaka kalamu ikachuruzika jasho. Alipomaliza alizikunja karatasi zote kwa uangalifu, kurasa nyingi bado tupu, akanirudishia.

“Na springi, tata? Na majimaji?”

“Zile zingine,” akasema, “batatafuta beye benyewe.”

Mkewe alikuwa amegeuka upande wa reli. Soda sikuzitoa. Nilizirudisha kwenye gari, nikamwambia dereva azinywe, naye akakataa.

Lori lile lilitengenezwa, likashuka machimboni likapanda salama. Hakuna aliyejua kwamba usalama wake ulitoka kwenye godoro lililokunjwa. Niliingiza breki zote kwenye mashine wiki ile, kwa makini kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Vingine vilianza kuoza. Kijana mpya alitoa vipuri bila kubonyeza, alipokea bila kuhesabu. Mashine ilisema vipo sita, rafu ilikuwa tupu. Mashine ilisema hakuna, tukavikuta vimejaa vumbi kwenye kona. Mafundi wakaacha kuniuliza. Fundi yule mkali ndiye aliyekuwa wa mwisho. Siku moja alisimama mlangoni kwangu, akatazama kioo cha kompyuta, akatikisa kichwa akaondoka.

Kisha alikuja mtaalamu mwingine kuandika ripoti kwa nini mradi umeshindwa. Alikaa siku tatu. Alimhoji direkta, akamhoji kijana wa kitambaa. Mimi nilipewa ripoti niichape. Iliandikwa kwamba mfumo wenyewe ulikuwa mzuri, ila watumiaji waliupinga tangu mwanzo, hasa mweka magazini wa zamani, ambaye alivunja kufuli, akahodhi ujuzi, na hatimaye akaacha kazi.

Akaacha kazi!

Nilibeba ukurasa huo mpaka kwa direkta.

“Direkta, nani aliacha kazi?”

Hakuniangalia. “Mama, ni maneno tu ya karatasi.”

“Aliacha kazi namna gani? Si alifukuzwa? Si wewe ulinituma stesheni?”

“Unataka niandike nini? Kwamba gereji ilifanya politiki? Tutapata wapi mikataba?”

“Uandike kama viti havikutosha,” nikasema. “Uandike kama hakuna mutu aliingia magazini. Anza na hiyo.”

Mimi nilirudi kwenye kona yangu, nikachapa ripoti nzima neno kwa neno, isipokuwa mstari ule. Pale palipoandikwa “akaacha kazi” nilichapa “akafukuzwa kutoka nyumbani kwake na kazini kwake”. Direkta alisaini bila kusoma, kama kawaida yake. Ilipogundulika, nilifukuzwa mimi pia. Lakini nililala kitandani mwangu, kwenye nyumba yangu, na hiyo ndiyo tofauti ambayo sitaki mtu yeyote aisahau.

Gereji ilifungwa kabla mwaka haujageuka. Treni ya tata ilikuwa imeshaondoka. Habari zao zilinifikia baada ya muda mrefu, kupitia mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyekuwa akisafirisha samaki na mafuta ya mawese kati ya miji. Aliniambia mke wa tata alifia njiani, kwenye behewa lililosimama porini siku nne bila maji. Tata alifika Mwene-Ditu, huko Kasai, na watoto. Alipata kazi ya kulinda stoo ya mahindi ya mtu. Mahindi matupu, aina moja.

Miaka ilipita. Machimbo yakafufuka na wenye pesa wapya, na programu mpya zikaja, za kila kitu: vipuri, mafuta, wafanyakazi. Nimeajiriwa mara kadhaa kusaidia kuziingiza, kwa sababu nywele zimekuwa nyeupe na bado napiga taipu bila kutazama. Kila mahali mimi hukuta mtaalamu nadhifu na ubao wenye mishale, na kila mahali mimi huanza kwa kuuliza magazini iko wapi. Wengine hucheka. Wawili watatu wamenifuata ndani, wakakaa humo wiki nzima, na hao ndio ambao programu zao zinafanya kazi mpaka leo. Hakuna siri kubwa hapo. Inahitaji tu kumheshimu mtu aliyevaa ovaroli, na ndicho kitu kigumu kuliko vyote kuwauzia wakubwa.

Mwaka jana niliitwa na kampuni moja kuingiza orodha ya wafanyakazi. Kwenye skrini, chini ya jina na tarehe ya kuzaliwa, palikuwa na kisanduku: mkoa wa asili. Mtaalamu alikuwa binti mchangamfu kutoka mji mkuu, alikuwa hajazaliwa miaka ile ya stesheni. Nikamwuliza kisanduku hicho ni cha nini.

“Ni cha takwimu tu, mama.”

“Nikiacha wazi?”

“Programu haikubali. Lazima ujaze ndipo iendelee.”

Niliondoa mikono kwenye kibodi. Nikamwambia sitajaza, na kama programu haikubali, programu ndiyo itengenezwe. Akadhani natania. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mkubwa wake, na kwa wiki mbili nilikaa kwenye kiti kile bila kuingiza jina hata moja, huku wakinieleza kwa zamu kwamba sina haja ya kukasirika, ni kisanduku tu. Mmoja alisema mimi ni mtumiaji ninayeupinga mfumo.

“Ndiyo,” nikamjibu, “andika hivyo, na safari hii uandike na sababu.”

Kisanduku walikiondoa. Kwa kampuni ile moja tu. Kwenye programu ya jirani yao, ng'ambo ya barabara, bado kipo, na kuna binti anakijaza kila siku bila kutazama vidole.